Huyu Mama wa Maua

"Hiyo usiinunue."

Neno lilimtoka Mama Kasuku kabla hajaliwahi. Soko la miche lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Watu wanapigana vikumbo katikati ya vyungu, wauzaji wananadi kwa sauti za kukauka, maji ya kumwagilia yametapakaa chini hata viatu vinateleza. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, amekumbatia petunia ya zambarau yenye maua machache juu ya shina refu, jembamba, lililo uchi.

"Kwa nini nisiinunue?" kijana akauliza. "Si ina maua?"

"Ina maua, haina kitu kingine. Itazame miguu yake. Imerefuka kama iliyotumwa kuchungulia dirishani kwa jirani. Ukiitundika haimalizi mwezi."

Muuzaji akamkata jicho. "Mama, naomba uniachie wateja wangu."

"Nakuachia, ndugu yangu, wala sikunyang'anyi. Namwambia tu achukue hizi ndogo, zisizo na ua hata moja." Akainama, akachagua miche mifupi iliyojaa majani, akaigeuza chini kukagua mizizi. "Hizi. Nyumbani kwako jua linaingia?"

"Roshani yangu inapigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri. Nguo zinakauka zenyewe."

"Basi petunia zitakushukuru. Hazipendi kivuli."

Kijana akacheka. Alikuwa na pengo dogo katikati ya meno ya juu, na Mama Kasuku alijikuta akilitazama zaidi ya ilivyohitajika. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni la kijani lililombana kiunoni, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, na miwani ikining'inia kifuani kwa mkufu mwembamba, kwa kuwa alifanya kazi katika duka la miwani na hakupenda wateja wamwone bila bidhaa.

"Nipe namba yako," kijana akasema. "Zikiugua nikupigie."

"Mimi si daktari."

"Mimi wananiita Dokta, na wala si daktari. Nauza dawa tu. Kwa hiyo tuko sawa."

Akampa namba. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiambia kwamba amempa kwa ajili ya maua.

Jina lake la Mama Kasuku alilipata kwa binti yake. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na minne na mdomo usiojua kituo, mtaa mzima ukamwita Kasuku, na mama naye akaingizwa humo humo. Baba wa Kasuku aliondoka zamani, akaoa mbali, akasahau njia. Tangu hapo Mama Kasuku alikuwa ameishi na binti yake na roshani yake, ambapo vikapu vya petunia vilining'inia vinene, vya mviringo, vimefunikwa na maua mpaka waya hauonekani. Wapita njia walisimama chini wakatazama juu. Yeye alizoea kutazamwa maua yake. Kutazamwa mwenyewe alikuwa amesahau.

Dokta alipiga simu siku ya pili yake.

"Nimenunua vikapu viwili, nimenunua udongo. Sasa nafanyaje?"

"Udongo wa namna gani?"

"Wa kahawia."

Mama Kasuku alicheka mpaka Kasuku akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Basi akaenda. Dokta aliishi ghorofa ya nne, katika vyumba safi vya mtu aishiye peke yake: kochi moja, meza moja, vitabu vya famasia vimepangwa kwa urefu. Udongo wake ulikuwa mzito kama wa kufinyangia vyungu. Mama Kasuku akauchanganya na mboji na maganda ya mpunga ili maji yapite, akatandika nyuzi za nazi ndani ya vikapu, akapanda miche kwa nafasi, mmoja katikati na mingine ukingoni. Baada ya majuma machache, miche ilipoanza kurefuka, akarudi.

"Haya, leta mkono," akamwambia.

"Haraka hivyo? Hata wazazi wangu hujawaona."

"Mkono wa kazi, mwehu wewe. Shika hapa kwenye ncha. Juu kidogo ya jani. Sasa kata kwa kucha."

"Lakini hapa pana tumba! Kesho kutwa lingekuwa ua!"

"Ndiyo. Ukiliacha, mmea unatia nguvu zake zote hapo, unabaki na ua moja na bua refu. Ukilikata, pembeni yatachipuka matawi, na kila tawi litakuja na maua yake. Kata."

Dokta akafumba macho, akakata. Majani ya petunia yana ulimbo, na vidole vyao vilinata. Alipomshika mkono ili amwonyeshe tawi jingine, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuachia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Ikawa kila jioni simu inalia Mama Kasuku akiwa anapika, na Kasuku anaimba kutoka chumbani, "Mgonjwa wako huyo!"

"Umemwagilia?" Mama Kasuku aliuliza bila salamu.

"Nimeinua kikapu kwa chini kama ulivyonifundisha. Kilikuwa chepesi, nikamwagilia mpaka maji yakachuruzika."

"Mbolea?"

"Ya maji, kila wiki. Naipima kama dawa ya mtoto."

"Maua yaliyonyauka?"

"Nimeyatoa na vikonyo vyake, yasitunge mbegu. Mwalimu, na mimi je? Nani ananimwagilia?"

"Jiinue kwanza nione kama u mwepesi."

"Mwepesi kama unyoya, laazizi. Njoo."

Akawa anaenda. Kasuku naye akawa anaenda, na daftari lake la kemia, kwa sababu Dokta alijua kueleza mambo ya asidi na chumvi hata mtu akacheka. Alimwita Anko. Mama Kasuku alikaa roshanini akisikiliza sauti zao zikibishana ndani, petunia zikitoa ile harufu yake ya jioni, tamu na nyepesi, naye moyoni akiogopa kufurahi.

Siku moja aliamua kumwambia yote. Walikuwa wawili tu.

"Nina miaka arobaini na miwili," akasema. "Wewe una thelathini na moja."

"Hesabu naijua."

"Si hilo tu. Nilipomzaa Kasuku nilipata matatizo, wakanipasua. Walinitoa kizazi. Sitazaa tena. Nakwambia leo usije ukasema kesho nilikuficha."

Dokta alisogea karibu. Kisha akamvuta, akamlaza kifuani. "Kasuku mmoja anajaza nyumba nzima," akasema. "Wawili tungehama."

Mama Kasuku alicheka na kulia kwa pamoja, akalichafua lile shati jeupe kwa wanja.

Msimu ule vikapu vya Dokta vilijaa. Zambarau, waridi, na nyeupe zenye michirizi, zikamwagika pembeni zikashuka kama pindo la gauni. Siku ya mapumziko, mchana, Mama Kasuku alikuwa amesimama juu ya kigoda roshanini, kanga kuukuu kiunoni, mikono inanata, akitoa maua yaliyokufa. Kengele ikalia. Alisikia mlango ukifunguliwa, kisha sauti za wanawake.

"Tumeona tukushtue! Mama yako alikuwa anapita mjini, nikamwambia twende tukamkamate mwanao huko aliko."

Walikuwa mama yake Dokta na shangazi yake. Mama alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa uso, mtandio mweupe umetulia mabegani. Shangazi alikuwa mnene na mwenye bangili nyingi. Walifika hadi mlango wa roshani, wakasimama.

Mama Kasuku akashuka kigodani, akafuta mikono kwenye kanga. "Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, wakamgeukia Dokta kwa macho ya kuuliza.

Dokta alimtazama yeye, akamtazama mama yake. Pengo lake la meno lilionekana, lakini hakuwa anacheka.

"Huyu…" akasema. "Huyu mama ananisaidia maua."

Huyu mama. Hakuna hata mmoja wa wale wanawake aliyeona jambo. Shangazi akapiga makofi. "Loh! Nami nashangaa kijana asiyejua kutandika kitanda kapata wapi maua haya! Mama, mikono yako ina baraka. Na vyombo unamwoshea pia?"

"Shangazi, bwana," Dokta akasema, akicheka kwa shida.

"Namtania. Hata bibi harusi akija, ataikuta nyumba inanukia. Yule binti wa rafiki yangu anapenda maua sana, nimekwambia?"

Mama Kasuku aligeukia kikapu. Alitoa ua moja lililokufa, akatoa jingine, akatoa na mazima. Alipoona hawezi tena, akaenda kunawa. Dokta alimsindikiza hadi mlangoni, na huku mama na shangazi wakisikia, akasema kwa sauti ya kazi, "Haya, mama. Jumamosi tena, basi."

Mama Kasuku akapita mlangoni. Alishuka ngazi zote na kanga kiunoni, gauni lake zuri likiwa limebaki juu, chumbani kwa Dokta.

Simu ililia jioni ile, ikalia kesho yake, ikalia mpaka Kasuku akachoka kuimba. Alipopokea hatimaye, alisema maneno machache tu.

"Mpenzi, nisikilize…" Dokta akaanza.

"Nakusikiliza, baba. Petunia zako zina tatizo gani?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mimi ni mama wa maua. Bibi harusi wako akifika mwambie asizimwagilie juu ya maua, amwagilie kwenye udongo." Akakata.

Aliamini kwamba yuko binti tayari, kwamba posa imekwenda, kwamba yeye alikuwa kipumziko cha kijana anayesubiri mke. Kazini alipima fremu kwenye pua za watu bila kuziona nyuso zao. Kasuku aliuliza mara moja, "Anko kafanya nini?" akatazamwa kwa jicho lililomfunga mdomo.

Baadaye, mchana mmoja duka likiwa na foleni, Dokta aliingia. Alikuwa amekonda. Akapanga foleni kama mteja, na zamu yake ilipofika akakaa kwenye kiti.

"Una tatizo gani?" Mama Kasuku aliuliza, maana watu walikuwa wanatazama.

"Sioni vizuri."

"Soma mstari wa juu."

Dokta akaukazia macho ubao wa herufi. "Pale pameandikwa, mimi ni mjinga."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akaguna. Mama Kasuku alijitahidi asicheke. "Mstari wa pili."

"Hakuna bibi harusi. Ni ndoto za shangazi, huyo binti sijawahi hata kumwona. Mstari wa tatu, niliogopa. Mama yangu ana shinikizo la damu, nikaona nikimshtua pale pale ataanguka. Mstari wa nne siusomi, maandishi madogo."

"Jaribu."

"Nataka kukuoa."

Foleni nzima iligeuka. Mzee mmoja aliyekuwa anangoja miwani yake akasema, "Huyo usimpe lenzi, binti yangu, anaona vizuri kabisa," na duka likaangua kicheko. Mama Kasuku aligeukia kabati la fremu, akajifanya anatafuta kitu, mabega yakimtikisika.

Alirudi kwenye ile roshani. Petunia zilikuwa zimeharibika. Dokta kwa majonzi hakuzigusa, zikawa nyuzi ndefu zenye maua nchani na katikati upara. Akachukua mkasi, akazikata hadi karibu na ukingo wa kikapu.

"Umezimaliza!" Dokta akalalamika.

"Zitarudi. Zipe mbolea, zipe maji, usizihurumie. Zikirudi zitakuwa nene kuliko mwanzo."

"Basi zikichanua namleta mama. Safari hii namwambia. Naapa."

Zilirudi. Machipukizi yalifunika kikapu, matumba yakaja kwa makundi. Asubuhi yote ya Jumapili ile Mama Kasuku alibadilisha nguo, Kasuku kitandani akiwa hakimu. "Hiyo unaonekana mwalimu mkuu. Hiyo umezidisha. Hiyo! Mama, hiyo!" Lilikuwa gauni la bluu iliyoiva, mikono mirefu, shingo ya staha. Kasuku alimpaka wanja kwa mikono yake mwenyewe. "Mwambie Anko jaribio la kemia ni Jumatano," akasema. "Na mkikubaliana, mimi nataka chumba chenye dirisha."

Dokta alifungua mlango, akamshika mkono mbele ya wazee wake. Hilo alilifanya, na haki yake apewe.

"Mama, shangazi," akasema, "siku ile sikusema kweli. Huyu ndiye nimpendaye. Ndiye nitakayemuoa."

Bangili za shangazi zililia, kisha zikatulia. Mama yake hakuanguka. Alimtazama Mama Kasuku kwa muda mrefu, akamwonyesha kiti kilicho karibu naye.

"Kaa, mwanangu. Siku ile uliniamkia kwa adabu nami sikukuuliza hata hali. Unisamehe."

"Yamepita, mama."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Mimi nina hamsini na mbili. Ningekuwa dada yako." Akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. "Una watoto?"

"Binti mmoja. Ana miaka kumi na minne."

"Mungu amkuze. Mwanangu huyu ndiye pekee niliyebaki naye, sijui kama amekuambia. Nilizaa watatu. Umri si kitu kwangu, watu watasema watachoka. Nakuuliza jambo moja, nami naliuliza kwa heshima. Utanipa mjukuu?"

Chai ilikuwa mezani inapoa. Mama Kasuku alimgeukia Dokta. Lilikuwa jambo lake kulisema; yeye ndiye aliyejua neno gani litamwumiza mama yake kwa uchache. Alimngoja kwa macho.

Dokta akalamba midomo. "Mama, jamani, hayo ni ya mbele," akasema. Kisha, kwa haraka, "Wajukuu watakuja. Siku hizi wanawake wanazaa hata kwa umri huo, mimi mtu wa dawa nakuambia. Ondoa wasiwasi."

Uso wa yule mama ukang'aa. Ulikuwa uso uliokwisha kuzoea kukosa, na ghafla umepewa. Akanyanyua mkono, akamshika Mama Kasuku shavu. "Basi karibu nyumbani, mwanangu."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Mkono ule ulikuwa wa joto, kiti kilikuwa chake, na kule nyumbani mtoto wake alikuwa anachagua chumba. Lakini aliiona miaka ijayo yote: mama huyu akiuliza kila mwezi, Dokta akisema mwakani, mwakani, na yeye akitazamwa tumbo katika kila mlango.

"Mama," akasema. "Mimi sina kizazi. Nilipasuliwa nilipomzaa binti yangu. Mwanao anajua. Nilimwambia mwanzo kabisa."

Mkono ukatoka shavuni, polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani. Shangazi akasema, "Subhanallah." Mama alimtazama mwanawe, si mgeni wake.

"Anajua?"

Dokta aliinamisha kichwa.

"Basi umenidanganya mimi," mama akasema taratibu, "na huyu umemfanya akae hapa asikie ukinidanganya." Akajifunika mtandio usoni, na kilio chake hakikuwa na sauti.

Mama Kasuku akasimama, akaaga kwa adabu zote, akatoka. Dokta alimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya pili.

"Kwa nini hukuniachia? Ningemwambia kidogo kidogo!"

"Ungemwambia lini? Tukishazeeka?"

"Nilikuwa nakulinda!"

"Ulikuwa unajikinga. Siku ile ulijikinga nami nikawa mtumishi wako. Leo umejikinga tena, ukataka niwe mwongo. Mara ya tatu sijui utanigeuza nini."

"Nakupenda," akasema, na alikuwa analia, kijana wa watu, pengo wazi kama mtoto. "Wallahi nakupenda."

"Najua." Alimfuta machozi kwa kiganja, kwa sababu hakuweza kuacha kumfuta. "Ndiyo maana nimekaa nawe muda wote huu. Rudi juu, mama yako analia."

"Na sisi?"

"Sisi tumekwisha, mpenzi."

Alipofika nyumbani Kasuku alikuwa mlangoni. Alimtazama mama yake usoni, wanja umeshuka, akamshika mkono, akamkalisha. Alimvua viatu. Jumatano alikwenda kwenye jaribio la kemia bila kufundishwa na mtu, akarudi akasema limekuwa jepesi, na mama yake alijua kwamba amemdanganya kwa huruma.

Dokta alipiga simu. Alipiga asubuhi, alipiga jioni, alipiga mchana akiwa kazini hata Mama Kasuku akaizima sauti na kuilaza kifudifudi mezani, ikawa inatetemeka peke yake kama mdudu. Hakupokea. Moyo ulimwambia pokea, na kila mara alijishughulisha: akainua kikapu kimoja kimoja kupima uzito, akamwagilia, akakata ncha zilizorefuka. Maua yake msimu ule yalikuwa mazuri kuliko msimu wowote, na majirani waliyasifu kutoka barabarani, naye akaitikia asante, asante.

Ikafika jioni moja, wanakula, yeye na binti yake. Kasuku aliitazama simu, akaichukua, akaigeuza, akabonyeza huku na huku.

"Mama, simu yako imeharibika? Leo haijatetemeka hata mara moja. Na jana pia."

"Haijaharibika, mwanangu," Mama Kasuku akasema. "Ni nzima kabisa."

Akaweka kijiko chini, na hapo ndipo alipolia.